Kuvu katika maji ya Mto Msimbazi: ni wa aina gani, wanatoka wapi, na wanapimwaje

Chota chupa mbili za maji ya Mto Msimbazi, unaopita Dar es Salaam, moja kwenye vijito vya milima ya Pugu unakoanzia, nyingine Jangwani, sehemu za chini za mto, kisha uzipande zote mbili kwenye chakula cha kuoteshea kuvu. Baada ya siku tano, sahani zote mbili zitakuwa zimeota. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya maabara iliyoandikwa "maji yana kuvu", bado hujaambiwa kitu. Kila mto una kuvu. Mto usio nao kabisa ungejaa majani yasiyooza.

Maswali yenye maana ni matatu: ni kuvu wa aina gani, wametoka wapi, na mto ulikuwa katika hali gani siku maji yalipochotwa. Namba ya jumla, hata iwe kubwa namna gani, haijibu hata moja. Tunalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi mijadala kuhusu mito ya mjini huanza na kuishia kwenye namba hiyo, na matokeo yake ni hofu isiyo na mahali pa kushika au utulivu usio na msingi.

Makundi matatu ndani ya chupa moja

Kundi la kwanza ni wenyeji wa majini. Mwaka 1942 mtaalamu wa Uingereza, C. T. Ingold, alieleza kuvu wanaoishi kwenye majani yaliyozama katika vijito. Spora zao, yaani chembe wanazozaliana kwazo, nyingi zina mikono minne iliyotanuka, na umbo hilo huzisaidia kunasa kwenye majani na kwenye povu. Kuvu hawa hulilainisha jani hadi wadudu wa majini waweze kulitafuna, na kutoka kwa wadudu hao chakula huwafikia samaki. Wanahitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Majitaka yakizidi, aina zao hupungua, kwa hiyo kutoweka kwao ni dalili mbaya zaidi kuliko kuonekana kwao. Ukitaka kuwaona, chukua povu la asili chini ya maporomoko madogo ya kijito kilicho msituni, liache litulie kwenye kikombe, kisha weka tone moja chini ya darubini. Povu la mjini halifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa kwa kawaida ni la sabuni.

Miongoni mwa wenyeji wapo pia wenye spora za mkia zinazoogelea. Wengi hawana madhara, ila mmoja wao Tanzania ina sababu ya kumkumbuka: Batrachochytrium dendrobatidis, muuaji wa vyura. Mwaka 2000 maji ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, yalichepushwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, na makazi ya chura wa Kihansi yakakosa rasharasha za maporomoko yaliyokuwa yakimlea. Mwaka 2003 idadi ya chura hao iliporomoka ghafla, na kuvu huyo akagundulika kwao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki kwenye vizimba vya kufugia tu. Kuvu wa majini, basi, si habari ya afya ya binadamu peke yake.

Kundi la pili ni wapitaji: Aspergillus, Penicillium, Cladosporium, Fusarium, Trichoderma, Mucor na wenzao. Makazi yao ni udongo, majani makavu, takataka na hewa. Mvua huwasomba, upepo huwadondosha. Wengi wao hawakui ndani ya maji yanayotembea. Husafiri wakiwa spora, huzama pamoja na tope, na wakishafika chini hungoja. Ndiyo maana tope la mto huwa na kuvu wengi kuliko maji yanayopita juu yake.

Kundi la tatu ndilo linalotupa habari za mji wenyewe. Hapa zimo chachu, yaani kuvu wanaoishi chembe moja moja, za tumbo na ngozi ya binadamu na mnyama, hasa Candida, pamoja na Trichosporon na Geotrichum, ambao hustawi kwenye majitaka, mabaki ya chakula na taka za viwanda vyenye sukari, wanga au maziwa. Candida albicans ana thamani ya pekee kwa mpelelezi: makazi yake ya kawaida ni kinywa, utumbo na sehemu nyingine zenye majimaji za viumbe wenye damu moto, hivyo akionekana kwa wingi majini, kuna kinyesi karibu. Rhodotorula, ile chachu ya rangi ya waridi inayopendeza kwenye sahani, haina ushahidi kama huo. Inaishi kila mahali penye unyevu, hata kwenye pazia la bafuni, na kuihesabu kama alama ya kinyesi ni kosa.

Kuna pia wawili wanaodhaniwa kuwa kuvu na sio. Utando wa kijivu unaoning'inia kama manyoya kwenye mawe na kwenye midomo ya mitaro ya majitaka, ambao wengi huuita ukungu, kwa sehemu kubwa ni bakteria wa nyuzi, hasa Sphaerotilus natans. Kuuona ni ushahidi mzuri wa taka nyingi zinazooza, lakini kipimo cha kuvu hakitauonyesha. Wa pili ni Saprolegnia, anayeota kama pamba kwenye ngozi ya samaki mgonjwa, na ndugu yake Pythium. Kwa ukoo hawa wako karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko kuvu, na baadhi ya dawa zinazoua kuvu haziwagusi.

Mto unavyojikusanyia

Msimbazi una urefu wa takriban kilomita 35. Unaanzia Pugu, upande wa Kisarawe, unapita pembezoni mwa makazi yaliyosongamana, unafika Vingunguti kwenye machinjio na mabwawa ya majitaka, unaendelea Kigogo na Jangwani, kisha unaingia kwenye mikoko na bahari karibu na Daraja la Salenda. Njiani hupokea mito mingine inayopita katikati ya mitaa, ukiwemo Mto Ng'ombe.

Sehemu kubwa ya makazi hayo haina bomba la majitaka. Watu hutumia vyoo vya shimo na makaro, na bonde lenyewe lina maji ya ardhini yaliyo karibu na uso. Shimo la choo likichimbwa hadi kufikia maji hayo, au ukuta wake ukipasuka, majitaka husafiri chini kwa chini kuelekea mtoni mwaka mzima. Mvua kubwa zikianza huja lile jambo ambalo kila mkazi wa bondeni analijua: kutapisha vyoo. Shimo lililojaa hutobolewa ubavuni ili mafuriko yabebe kilichomo. Anayefanya hivyo mara nyingi hana njia nyingine, maana gari la majitaka haliingii kwenye kichochoro chake, na hata lingeingia, gharama yake ni kubwa kwake.

Hapa ndipo misimu inapoanza kuchanganya watu. Wakati wa kiangazi maji ya asili ya mto hupungua sana, na kinachotiririka sehemu za chini kwa kiasi kikubwa ni majitaka ya majumbani na viwandani. Kuvu wa udongo huwa wachache, chachu za majitaka huwa nyingi kwa kila mililita. Masika yakiingia mwezi Machi, saa za kwanza za mvua husomba vumbi, taka na tope la mitaroni, na hesabu ya ukungu wa udongo hupanda kwa kasi. Mvua ikiendelea siku kadhaa, maji mengi huzimua kila kitu na hesabu hushuka, ingawa jumla ya kuvu wanaopita kwa siku inaweza kuwa kubwa kuliko ya kiangazi. Kwa hiyo maji ya mahali pamoja yakichotwa Februari, siku ya kwanza ya mvua na wiki ya pili ya mvua, yatatoa majibu matatu tofauti, na yote yatakuwa kweli.

Sehemu za mwisho za mto zina jambo la ziada: bahari. Maji yakijaa, maji ya chumvi hupanda mtoni na kuzimua sampuli. Anayetaka kuujua mto achote maji yakiwa yamepwa, apime na chumvi au upitishaji wa umeme papo hapo. Asipofanya hivyo anaweza kutangaza kwamba mto umesafika, kumbe alichopima ni bahari.

Kuchota

Tumia chupa ya mililita 500 au lita moja, iliyotakaswa kwa mvuke. Vaa glovu na gambuti. Simama ukiwa umeelekea mkondo unakotoka, ili tope unalolitifua lipite nyuma yako. Zamisha chupa ikiwa imefungwa, sentimita 20 hadi 30 chini ya uso, ifungulie humo humo mdomo ukielekea juu ya mkondo, acha nafasi kidogo ya hewa, funga. Ukichota uso wa maji peke yake utapata povu na vumbi la hewani. Ukigusa chini utapata tope, na hesabu yako itapanda mara nyingi bila sababu ya kweli.

Kwa kila safari beba chupa moja ya maji yaliyotakaswa, ifungue na kuifunga pale pale mtoni, kisha ipandwe pamoja na nyingine. Ikiota kuvu, sampuli zako zimechafuliwa na hewa, glovu au chupa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na bila hiyo huwezi kutetea namba zako, kwa kuwa spora za ukungu zimejaa kwenye hewa ya mahali popote.

Pima papo hapo joto, oksijeni iliyoyeyuka, upitishaji wa umeme na uchafu unaoonekana, na uandike mvua ya mwisho ilinyesha lini. Weka chupa kwenye boksi la barafu bila kuzigandisha, zifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, zisizidi 24. Chupa ikikaa kwenye gari lenye joto la Dar es Salaam, chachu huzaliana humo, na hapo utakuwa unapima safari yako.

Kasi ya mto nayo ni lazima, na haihitaji kifaa cha gharama. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10, dondosha chungwa katikati ya mkondo na uhesabu sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani. Chungwa huelea likiwa limezama kwa sehemu kubwa, kwa hiyo upepo haulisukumi sana. Zidisha kasi uliyopata kwa 0.85, maana maji ya chini huenda taratibu kuliko ya juu, kisha zidisha kwa upana na wastani wa kina. Tuseme chungwa limetumia sekunde 34: hiyo ni mita 0.29 kwa sekunde, na baada ya kurekebisha ni 0.25. Mto wenye upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 0.3 una eneo la mita za mraba 1.2, hivyo unapitisha mita za ujazo 0.3 kila sekunde.

Kuotesha

Maji ya mto wa mjini ni machafu mno kupandwa yalivyo. Tikisa chupa vizuri, chukua mililita 1, iweke kwenye mililita 9 za maji yaliyotakaswa yenye chumvi kidogo. Hiyo ni hatua ya moja kwa kumi. Endelea hadi moja kwa elfu kumi. Kutoka kila hatua, tandaza mililita 0.1 kwenye kila moja ya sahani tatu. Kuchuja kwa utando wa mikromita 0.45 kunafaa kwa maji ya Pugu au ya bombani. Kwa maji ya Jangwani utando huziba kabla hujamaliza.

Chakula cha kuoteshea ndicho kinachoamua utaona nini. Agari (chakula kilichogandishwa kama jeli) ya Sabouraud ikiwekwa kloramfenikoli huzuia bakteria wengi na kuotesha chachu na ukungu, lakini kwenye maji yenye tope Mucor na Rhizopus hutambaa na kufunika sahani nzima ndani ya siku mbili. Dawa yake ni agari yenye diklorani na rozi bengali, inayowafanya hao wakimbiaji wakue taratibu, koloni, yaani madoa ya kuvu walioota, zikabaki ndogo za kuhesabika. Ila agari hiyo isiachwe kwenye mwanga: rozi bengali ikipigwa na mwanga hutengeneza vitu vinavyoua chachu, nawe utaandika "hakuna chachu" wakati umeziua mwenyewe. Ihifadhi gizani, ioteshe gizani.

Seti moja ya sahani iwekwe kwenye nyuzi 25 kwa siku 5 hadi 7. Seti ya pili nyuzi 37 kwa siku 2 hadi 3, kwa ajili ya kuvu wanaoweza kuishi kwenye joto la mwili. Ya tatu nyuzi 45, kwa ajili ya Aspergillus fumigatus, kwa kuwa ni wachache wanaostahimili joto hilo pamoja naye. Rafu ya kawaida ya maabara isiyo na kiyoyozi haina nyuzi 25. Mjini Dar es Salaam hufika 30 na zaidi kwa miezi mingi, na mpangilio wa kuvu utakaopata hautalingana na wa maabara nyingine. Anza kuhesabu siku ya tatu, kisha kila siku, ukiweka alama kwa kalamu chini ya sahani. Ukingoja siku ya saba ndipo utazame, ukungu utakuwa umezifunika chachu.

Usinuse sahani, wala usifungue iliyoota ukungu nje ya kabati la usalama. Zikishahesabiwa zitakaswe kwa mvuke wa nyuzi 121 kabla ya kutupwa. Kwa kutambua chachu, agari ya rangi kama CHROMagar Candida hurahisisha: Candida albicans huwa kijani, Candida tropicalis bluu, Candida krusei waridi yenye uso mkavu. Rangi pekee haitoshi kuandika jina la mwisho, kwa hiyo koloni chache zithibitishwe kwa njia nyingine, kama kuzipanda kwenye seramu ya nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3 na kutafuta vichipukizi vya Candida albicans, au kusoma vinasaba vyake.

Kuisoma namba

Maabara huandika CFU, yaani vizio vinavyounda koloni. Tuseme sahani tatu za hatua ya moja kwa mia zimetoa koloni 38, 44 na 41. Wastani ni 41. Gawanya kwa mililita 0.1, kisha kwa 0.01, upate CFU 41,000 kwa mililita. Tumia sahani zenye koloni kati ya 15 na 150. Chini ya hapo bahati inatawala, juu ya hapo koloni zinabanana na kufichana.

Kizio hicho kina udhaifu mkubwa kwa kuvu kuliko kwa bakteria. Kichwa kimoja cha Penicillium kinaweza kuachia mamia ya spora, na kila moja ikawa koloni. Uzi mrefu wa Fusarium, wenye mwili mkubwa mara nyingi zaidi, ukahesabiwa kuwa kimoja. Ukitikisa chupa kwa nguvu unavunja nyuzi na kuongeza hesabu. Kwa hiyo usilinganishe ukungu wa maabara moja na wa nyingine bila kujua walitumia agari gani, joto gani na siku ngapi. Chachu ni za kuaminika zaidi, kwa kuwa huishi chembe moja moja. Ukituuliza namba ipi itolewe kwanza kwenye ripoti ya mto wa mjini, tutasema ni ya chachu zilizoota kwenye nyuzi 37, ikiwa imetenganishwa na ukungu.

Faida ya kujua kasi ya mto huonekana hapa. Tuseme juu ya mdomo wa mtaro fulani kuna chachu 200 kwa mililita na mto unapitisha mita za ujazo 0.30 kwa sekunde. Hiyo ni chachu milioni 60 kila sekunde. Chini ya mtaro kuna 500 kwa mililita na mto umefika 0.36; hiyo ni milioni 180. Mtaro umeleta milioni 120 katika mita za ujazo 0.06, sawa na chachu 2,000 kwa mililita. Sasa una jibu linaloweza kupelekwa kwa mhandisi: mtaro huu, mahali hapa, unaingiza theluthi mbili ya mzigo wote.

Kuhusu viwango, nchi nyingi hazina kikomo cha kuvu kwenye maji ya mito. Uswidi imewahi kuweka CFU 100 kwa mililita 100 kuwa alama ya tahadhari, lakini hiyo ni kwa maji ya kunywa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya wa maji ya kuogelea, lilipendekeza mchanga wa fukwe nao uchunguzwe, kuvu wakiwemo. Na kipimo cha E. coli, bakteria wa kinyesi, kisichukuliwe kuwa mbadala: bakteria huyo anaweza kufa kwa klorini au jua huku spora za kuvu zikiendelea kuishi.

Nani yuko hatarini

Tuseme wazi: kwa mtu mwenye afya anayevuka Msimbazi, hatari kubwa zaidi ni kipindupindu, homa ya matumbo, kichocho na homa ya mgunda, si kuvu. Kuvu huongeza mzigo kwa njia nyingine, na mara nyingi hauingii kwa kunywa. Sumukuvu, ambayo watu huitaja haraka wakisikia neno kuvu, ni tatizo la mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mtoni kiasi chake huzimuliwa sana na si cha kutangulizwa.

Njia ya kwanza ni ngozi. Wachimba mchanga, wakulima wa bondeni na wasafisha mitaro hukaa na miguu mibichi kwa saa nyingi, ngozi ikalainika, fangasi wakashika katikati ya vidole na kwenye kucha. Jeraha la msumari au mwiba wenye tope huingiza kuvu chini ya ngozi, na uvimbe unaweza kutokea wiki kadhaa baadaye, mtu ameshasahau alichomwa lini. Sikio linalojaa maji machafu mara kwa mara huota Aspergillus. Jicho lililokwaruzwa kisha likaguswa na maji ya mto linaweza kuota Fusarium, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Matone ya steroidi yanayonunuliwa duka la dawa bila uchunguzi hulizidisha na yanaweza kumgharimu mtu jicho.

Njia ya pili ni pumzi. Mafuriko yakipungua Jangwani, nyumba hubaki na tope na kuta zilizoloa, na ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Wenye pumu huumwa kwanza. Wenye kinga dhaifu, kwa VVU vilivyofikia hatua ya juu, saratani au matumizi ya muda mrefu ya steroidi, wanaweza kupata Aspergillus ya mapafu. Jambo linalotutia wasiwasi ni usugu wake: mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za Aspergillus fumigatus kutoka udongo wa eneo la Kilimanjaro ambaye hakuuawa na dawa za jamii ya azoli, jamii ile ile inayotumika hospitalini na mashambani. Dawa za kuua kuvu zinazosombwa na mvua kutoka shambani hufundisha kuvu wa udongoni kuzizoea, na maji huwasambaza.

Njia ya tatu ni ya nadra lakini ni ya kuua. Scedosporium hupatikana kwenye majitaka na tope, na mtu aliyenusurika kuzama maji machafu anaweza kupata usaha wa ubongo unaosababishwa naye wiki kadhaa baadaye. Daktari akipokea mgonjwa mwenye kichwa kinachouma na homa isiyoisha, aulize kama alisombwa na mafuriko.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Kumwaga dawa ya kuua kuvu mtoni hakufai kabisa. Mruturutu, yaani salfeti ya shaba, utaua samaki na wale wenyeji wanaoozesha majani, kisha majitaka ya kesho yataleta kuvu wapya. Klorini kwenye maji yenye tope huliwa na tope kabla haijagusa spora, na hata kwenye maji maang'avu spora zenye kuta nene huistahimili kuliko bakteria. Kwa maji ya nyumbani fuata mpangilio huu: tuliza kwa shabu, mimina sehemu iliyotulia, chuja, kisha chemsha hadi yatokote. Spora ni kubwa kuliko bakteria, hivyo kichujio kizuri cha mchanga hufanya sehemu kubwa ya kazi, na mchemko humaliza iliyobaki.

Nyumba iliyofurika isafishwe tope kwanza, ndipo dawa ifuate. Dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, inatosha kwa sakafu na kuta za saruji zilizokwisha kuoshwa. Usiichanganye kamwe na sabuni ya choo yenye asidi wala amonia, gesi yake huua. Godoro lililoloa maji ya mto halisafishiki. Vaa barakoa inayobana vizuri, fungua madirisha, na ukuta usipakwe rangi hadi ukauke ndani.

Kwa mkulima wa mchicha bondeni, badiliko lenye faida kubwa ni kuacha kumwaga maji ya mto juu ya majani. Chimba kishimo kando, maji yatulie usiku mzima, teka ya juu bila kuvuruga chini, mwagilia kwenye shina. Siku za mwisho kabla ya kuvuna tumia maji ya kisima au acha kumwagilia, jua lifanye kazi yake. Usioshe mboga mtoni ukielekea sokoni. Hapo unarudisha kila kitu. Kitalu cha nyanya kisiguswe na maji ya mto hata kidogo, kwa kuwa Pythium na Fusarium ndio wanaoleta kinyausi, miche ikaanguka shingo zikiwa zimeoza kabla ya kufikisha majani manne. Metali nzito zilizokwisha kufyonzwa na mmea hazitoki kwa kuosha, na hilo ni tatizo jingine linalohitaji vipimo vyake.

Kwa upande wa mto wenyewe, kazi iko kwenye vyoo, mitaro na mabwawa. Mashine ndogo za kunyonya choo zinazopita vichochoroni, zikiwa na mahali pa karibu pa kumwaga zilichonyonya, hupunguza kutapisha kuliko faini yoyote. Mitaro michache yenye mzigo mkubwa ishughulikiwe kwanza, na hesabu ya chungwa na sahani tuliyoonyesha inatosha kuitambua.

Tope lina hesabu yake. Mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha kuchimba na kupanua sehemu za chini za mto, nao wachimba mchanga wa mikono wanaendelea siku zote. Tope likitifuliwa, spora zilizozama miaka mingi hurudi majini, na likirundikwa likakauka huwa vumbi. Lichimbwe wakati mkondo ni mdogo, lirundikwe mbali na nyumba na shule, lifunikwe au lilowanishwe hadi lisafirishwe, na anayelipakia lori avae barakoa na gambuti. Atakayechota sampuli chini ya eneo la kuchimba aandike kwenye fomu yake kwamba siku hiyo mashine zilikuwa kazini.